Sensa ya nyaya nne kwenye gari ya waya mmoja

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Shikamoo yako imefika, marahaba.

Kwanza niliweke swali lako wazi ili na wengine wafuate. Uko Wete, una Corolla ya 1994 yenye injini ya 5A-FE. Taa ya injini inawaka, gari inakula petroli kuliko zamani, na fundi wako amesoma kosa namba 21, la taarifa ya sensa ya oksijeni. Sensa ya oksijeni iliyotoka nayo Japani ina waya mmoja tu. Dukani hawakuwa nayo, wakakuagizia kutoka Unguja sensa ya nyaya nne: mbili nyeusi, mmoja wa buluu na mmoja mweupe. Matundu mawili ya nati yamekaa sawasawa na ya zamani. Fundi anataka kuunga ule wa buluu peke yake, hizo tatu azizungushie tepu zikae. Unauliza kama ni sawa, na kama si sawa, ziende wapi.

Si sawa. Ukifunga hivyo gari inaweza kuwa mbaya kuliko ilivyo leo, na utarudi dukani ugombane na watu kwamba wamekuuzia sensa mbovu, kumbe nzima kabisa. Fundi wako simlaumu sana. Mawazo yake yanatoka kwenye waya mmoja: gari ina waya mmoja, sensa ina waya wa taarifa, unga waya kwa waya, kwisha. Lakini ule waya mmoja ulikuwa na mwenzake usioonekana, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Ukiipasua sensa hii, ndani utakuta kidole cha kauri, kimeziba ncha kama kidole cha glavu. Kwa nje kinapigwa na moshi wa ekzosi, kwa ndani kina hewa safi. Kauri yenyewe ni zirkonia, nayo ina tabia yake: ikishapata moto wa nyuzi 300 hivi na zaidi, inaanza kupitisha oksijeni ndani yake. Oksijeni ya upande wa moshi ikiwa kidogo kuliko ya upande wa hewa safi, unazaliwa umeme, mdogo tu. Moshi wa mchanganyiko mzito, yaani petroli nyingi na oksijeni imekwisha, unatoa volti 0.8 au 0.9. Mchanganyiko mwepesi unatoa 0.1, wakati mwingine chini ya hapo. Katikati, kwenye 0.45, ndipo penye gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli, na hapo ndipo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inapotaka kukaa. Haikai lakini. Inaongeza, inapunguza, inaongeza, inapunguza, siku nzima, kama mtu anayeonja mchuzi.

Kwa hiyo sensa ni betri ndogo. Na betri yoyote, hata ya tochi, ina ncha mbili. Kwenye sensa yako ya zamani ncha moja ilitoka kwa waya, ya pili ilikuwa ni chuma chenyewe cha sensa, kilichobanwa kwenye manifodi ya moshi, na manifodi imebanwa kwenye injini. Kontroli boksi nayo imejifunga kwenye injini hiyohiyo. Mzunguko ukakamilika bila mtu kuuona. Kwenye sensa ya nyaya nne, nyingi katika hizo, ncha ya pili imetengwa kabisa na chuma na kupewa waya wake, kwako ni ule mweupe. Ukiuzungushia tepu, umefunga betri yenye ncha moja hewani. Kontroli boksi itasoma sifuri, itadhani mchanganyiko ni mwepesi, itaongeza petroli mpaka mwisho wa ruhusa yake, halafu itawasha taa ileile ya injini unayotaka kuizima.

Kupima kama ya kwako imetengwa ni dakika moja. Chukua mita ya dijitali, weka kwenye omu, yaani kupima ukinzani, pale penye mlio, ncha moja kwenye waya mweupe na nyingine kwenye chuma cha sensa. Ikilia, zimeungana ndani. Ikinyamaza, imetengwa. Lakini usiweke mita ya omu kwenye waya wa buluu. Mita ya omu inapeleka umeme wake mwenyewe, na ile kauri haikutengenezwa kupokea umeme, imetengenezwa kutoa.

Sasa zile nyeusi mbili. Hizo ni za hita. Sensa za mwanzo kabisa, zilizoanza kufungwa kwenye gari za Volvo za soko la Marekani mwaka 1976, hazikuwa na hita. Zilitegemea moto wa moshi peke yake, ndiyo maana ziliwekwa juu kabisa karibu na injini, kama ya kwako. Taabu yake ni kwamba kauri ikipoa chini ya zile nyuzi 300 inalala. Ukisimama unasubiri abiria, injini iko sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, moshi ni kidogo na hauna moto mkali, sensa inasinzia. Ukitoka nyumbani kwenda dukani dakika tano na kurudi, huenda haikuamka kabisa safari nzima. Kwa mtu anayetoka Wete kwenda Chake kila siku haina neno, kilomita kama 30 zinatosha kuipasha. Kwa safari za mtaani, hita ni faida ya kweli. Kwa hiyo usiione ile sensa ya nyaya nne kama balaa uliyoletewa na muuza spea. Ukiifunga vizuri utakuwa na gari bora kuliko ilivyotoka kiwandani.

Kabla hujakata waya wowote, geuza sensa utafute namba. Sensa za Toyota za kawaida namba yake inaanza na 89465. Ikianza na 89467, hiyo ni mnyama mwingine: ni ya kupima uwiano wa hewa na mafuta ya gari za baadaye, nayo ina nyaya nne vilevile, umbo lilelile, hata rangi zinaweza kukuchanganya. Kontroli boksi ya 1994 haijui lugha yake hata kidogo. Kama namba imefutika, pima omu kati ya zile nyeusi mbili sensa ikiwa baridi. Hita ya sensa ya kawaida ya Toyota inasoma omu 11 hadi 16. Ukipata omu 2 au 3, iache kwanza, kuna kila dalili ni ile nyingine. Irudishe na boti ya kesho ikiwa bado na klipu yake, kwa sababu hakuna duka litakalopokea sensa iliyokatwa waya. Na wale wenye Carina, Corona na Caldina zenye injini ya 7A-FE ya kuchoma mchanganyiko mwepesi, maelezo haya yasiwahusu, zile zina sensa yao ya peke yake.

Rangi pia ziangaliwe kwa kipimo, si kwa macho tu. Za kampuni ya Denso, ambazo ndizo nyingi kwenye Toyota, ni kama ya kwako: nyeusi mbili ni hita, buluu ni taarifa, nyeupe ni ncha yake ya pili. Za Bosch ni kinyume cha kukuangusha: nyeupe mbili ndizo hita, nyeusi ndiyo taarifa, kijivu ndiyo ncha ya pili. Mtu aliyezoea moja akashika nyingine bila kupima anaweza kupeleka volti 12 kwenye waya unaokwenda kontroli boksi, na hapo hesabu si ya sensa tena. Kanuni yangu: mbili za rangi moja, pima, zikitoa omu chache ndizo hita. Kati ya hizo mbili za hita hakuna chanya wala hasi, ipi iende wapi ni sawa.

Tuanze na wa buluu, ndio rahisi. Kwenye sensa ya zamani kata klipu yake pamoja na kipande cha waya cha shubiri moja, uunge na waya wa buluu wa sensa mpya. Gari usiikate. Waya wa upande wa gari umevishwa wavu wa chuma kuzuia kelele za koili na plagi zisiingie kwenye taarifa, na wavu huo umefungwa upande wa kontroli boksi peke yake. Mtu akiubandua na kuugusisha kwenye bodi mbele huku anazaa tatizo ambalo hakuwa nalo.

Mweupe unakwenda kwenye injini. Ukifungua boneti, kwenye manifodi ya kuvutia hewa utaona boliti imebana nyaya mbili tatu zenye vidole vya duara, kahawia aghalabu au nyeusi na nyeupe. Hizo ndizo nyaya za kontroli boksi kujifunga kwenye injini. Peleka mweupe hapohapo, kwa kidole chake cha duara.

Mweusi mmoja nao unakwenda kwenye bodi, lakini si boliti ileile. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi waliyoifanya vizuri. Hita inakula umeme wa ampia moja hivi: volti 14 kwa omu 12, piga hesabu. Tuseme boliti uliyoichagua ina kutu, na kutu yake ina ukinzani wa omu 0.2 tu, kitu ambacho mita za kawaida haziwezi hata kukionyesha vizuri. Ampia moja ikipita pale inaacha volti 0.2. Kwa taa ya breki volti 0.2 si kitu. Kwa sensa ambayo maisha yake yote ni kati ya 0.1 na 0.9, volti 0.2 ni robo ya habari nzima. Weka hita na mweupe kwenye boliti moja yenye kutu, na kontroli boksi itakuwa inasoma uongo kila hita inapofanya kazi. Na sisi tunaishi kwenye chumvi. Gari ikilala mwaka mmoja karibu na pwani, boliti za bodi zinageuka rangi ya karafuu kavu. Basi zote mbili zifungue, zipige msasa mpaka chuma king'ae, kidole kikae chuma kwa chuma, funga, halafu ndiyo upake grisi kwa juu. Juu, si katikati.

Mweusi wa pili ndio wa umeme, na ndio wenye maneno.

Njia ya mkato inayotumika sana ni kuchukua umeme kwenye swichi, popote penye volti 12 ufunguo ukiwashwa. Usifanye. Mtu atakaa ndani ya gari anasikiliza mpira redioni, ufunguo uko on, injini imezimwa, hita inachemka bure na betri inakwisha. Hilo ni dogo. Kubwa ni maji. Asubuhi ndani ya ekzosi muna unyevu wa usiku, na hewa yetu ya kisiwani unaijua, hata bila mvua bomba linadondoka matone. Kauri iliyopashwa moto kisha ikapigwa na tone la maji inapasuka kama sahani ya moto uliyoitia kwenye beseni. Hita inatakiwa ianze pamoja na injini, ili moshi na moto vije kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo umeme wa hita ufuate pampu ya petroli. Pampu inapata umeme injini inapopigwa stata na inapozunguka, injini ikizima nayo inakatika. Ndani ya boneti kuna kile kiboksi cha plastiki chenye mfuniko, kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukiufunua mfuniko, upande wa ndani kuna ramani ya vitundu vyake. Kimoja kimeandikwa FP. Hicho ndicho waya wa pampu. Weka mita: ufunguo ukiwashwa bila stata pasiwe na umeme, au uwepo sekunde chache ukatike, injini ikinguruma pawe na volti kama za betri. Ukishaujua waya huo ni wa rangi gani, ufuate nyuma ya kiboksi uuchukue pale. Usichomeke kitu kwenye kitundu chenyewe ukakiacha, mtetemo utakitoa.

Lakini usiulishe hita moja kwa moja kutoka kwenye waya huo. Hili sikulisoma popote. Miaka mingi nyuma nilifunga sensa ya hita kwenye gari ya jamaa mmoja, nikaunganisha hita na waya wa pampu moja kwa moja, hakuna fyuzi yake, hakuna rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme, kwa sababu ampia moja si kitu na nilikuwa na haraka ya Ijumaa. Waya wenyewe niliulaza vibaya, ukawa unagusa kinga ya bati ya manifodi. Siku ya tatu jamaa ananipigia simu yuko njia ya Mkokotoni, kapita Mahonda, magharibi inaingia, mvua inapiga, gari imezima ghafla haiwaki. Nilipofika nikaona waya umeyeyuka ganda, umegusa bati, shoti imekwenda mpaka kwenye fyuzi ya EFI, ya mfumo wa petroli, na kuikata. Fyuzi ikikatika, kontroli boksi na pampu vyote vimekufa. Yaani hita, kitu ambacho gari inaweza kuishi bila yake mwaka mzima, ilizima gari nzima gizani. Nilimrudishia hela yake na nikamvuta mpaka nyumbani.

Basi weka rilei, zile za kawaida za miguu minne, Mwanakwerekwe zimejaa na nina hakika hata Wete hazikosekani. Mguu wa 86 upe waya wa FP, wa 85 upeleke bodi. Huo ni wa kuamsha tu, unakula umeme kidogo mno. Mguu wa 30 uchukue moja kwa moja kutoka chanya ya betri, na njiani, karibu kabisa na betri, uwe na fyuzi yake ya ampia 7.5. Mguu wa 87 unakwenda kwenye hita. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha na kubaki. Siku yoyote waya huo ukichunika, fyuzi yako itakatika peke yake, gari itaendelea, na hutajua mpaka utakapopima. Rilei ifunge wima miguu ikitazama chini, maji ya masika yasikae ndani yake.

Watu huniuliza kama hita haitaungua kwa kupewa umeme wote muda wote. Hita za rika hili zimetengenezwa kwa umeme wa gari, volti 12 hadi 14, na magari mengi ya zamani ya Ulaya yaliziacha zinawaka muda wote injini inapozunguka. Haina shida.

Sasa kuunga. Nakuomba, lehemu iache kabatini. Nilikwambia ndani ya kauri kuna hewa safi. Inaingia wapi, na sensa imezibwa kote ili maji yasiingie? Sensa nyingi zinapumua kupitia nyaya zake: hewa inapita kati ya nyuzi za shaba, ndani ya ganda la waya, mpaka kwenye kauri. Ukitia lehemu, risasi inanyonywa na nyuzi na kuziba njia ile. Vivyo hivyo ukijaza klipu grisi ili maji yasiingie, mvuke wake unafika ndani. Sensa haifi siku hiyo. Inachoka polepole, volti zake zinashuka, na mtu anasema spea za siku hizi hazidumu. Tumia viungio vya kubana kwa koleo lake, koleo la kweli la kubania, si meno wala plaizi, kisha vuta kila kiungio kwa nguvu. Kikitoka mkononi mwako kingetoka barabarani. Juu yake mpira wa kusinyaa kwa moto. Tepu ya umeme karibu na manifodi inageuka asali wiki moja.

Viungio vikae mbali na moto, shubiri mbili tatu kutoka kwenye sensa, na nyaya zifungwe kwenye kitu kisichotikisika. Acha ulegevu kidogo, injini inacheza kwenye mipira yake.

Sensa yako ni ya nati mbili, basi weka gasketi mpya, ile ya zamani imeshabonyea. Nati za zamani zipige mafuta ya kupenya jioni, uzifungue asubuhi injini ikiwa vuguvugu. Zikikatika boliti zake ni kazi ya siku nzima. Wenye sensa ya kuzungusha, uzi wake ni milimita 18, spana ya 22, na grisi ya shaba ipakwe kwenye uzi tu. Ncha yenye matundu usiiguse kwa chochote. Na gundi ya silikoni, ile inayonuka siki, isikaribie injini hii popote penye njia ya kwenda kwenye hewa au mafuta. Mvuke wake unaua sensa sawa na ilivyokuwa petroli ya risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwaka 2006.

Kabla ya hayo yote, lakini, nina wasiwasi kidogo na kosa namba 21 lako. Kosa hilo linasema taarifa ya sensa si nzuri. Halisemi sensa imekufa. Washa gari asubuhi ikiwa baridi, weka sikio kwenye manifodi na maungio ya bomba. Ukisikia tif, tif, tif, kuna mpasuko. Mpasuko mbele ya sensa unavuta hewa ya nje katikati ya mapigo, sensa inaona oksijeni, kontroli boksi inaongeza petroli. Kwa chumvi ya kwetu ekzosi zinatoboka mapema kuliko bara. Plagi inayomisi nayo inafanya hivyohivyo, kwani oksijeni ya silinda isiyowaka inatoka nzima.

Na la mwisho katika haya: muulize fundi wako, au aliyekuwa na gari kabla yako, kama themostati ipo, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Kuna ugonjwa kwetu wa kuitoa themostati eti gari isichemke. Injini ikiwa baridi muda wote, kontroli boksi inadhani ndiyo kwanza imeamka, inamwaga petroli ya kuamshia, na sensa yako haiulizwi neno hata iwe mpya kutoka boksini. Nimeona watu wakibadili sensa mbili, tatu, na mkono wa joto kwenye dashibodi uko chini kabisa unawatazama.

Ukishafunga, ipashe injini mpaka feni ya rejeta iwake. Mita iwe ya dijitali, kwenye volti za DC. Ile ya mshale, au taa ya kupimia, inanyonya umeme mwingi kuliko sensa inavyoweza kutoa. Ncha nyeusi kwenye injini, nyekundu ipenyeze nyuma ya klipu ya waya wa taarifa bila kuichomoa. Mtu akanyage mizunguko 2,500 kwa dakika mbili. Namba zianze kuruka, 0.2, 0.7, 0.1, 0.8. Toyota wanataka mirindimo 8 au zaidi ndani ya sekunde 10. Kisha mwambie aachie mafuta, injini ikae sailensa dakika tano, na wewe tazama mita. Sensa yako ya zamani ingekuwa imeshaanza kuzubaa. Hii mpya, kama hita ina umeme, itaendelea kuruka. Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, chomoa fyuzi ya 7.5 uendelee kutazama.

Namba zikikaa sifuri tupu, rudi kwenye mweupe kwanza. Tisa katika kumi ni hapo.

Kufuta kosa, zima gari, chomoa fyuzi ya EFI ya ampia 15 sekunde 10 au zaidi, mimi huiacha dakika nzima, uirudishe. Endesha siku mbili tatu. Halafu kwenye kile kiboksi unganisha vitundu vya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa ufunguo bila stata, uhesabu taa ya injini. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara moja, ni 21 imerudi, niandikie na uniambie mita ilisoma nini. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa, toa kipande cha waya ufunge mfuniko.